Faini Nimelipa, Programu Sijaifuta

Wenzangu mnaobaki ofisini mliniomba ukurasa mmoja wa kumbukumbu, mkaubandike ukutani pale karibu na jagi la maji. Nimekataa. Ukurasa mmoja ni wa kutangaza mbuzi aliyepotea. Mimi nimelitumikia shirika hili la chanjo za mifugo tangu Babati ikiwa na vumbi jingi kuliko watu, na nina ya kusema. Vyeo sivitaji, maana vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Mshahara mnaujua, kwani hata wenu hali yake ni hiyohiyo. Nitasema habari za Sikio, programu yetu, ambayo baadhi yenu mnangoja nitoke getini tu muikate ibaki ya vishikwambi peke yake. Na nitasema habari za Mama Rogati, mchanjaji wetu wa kituo cha uwandani chini ya Hanang, ambaye nusura afukuzwe kazi kwa kosa langu. Msomeni huyo mpaka mwisho kabla hamjagusa kitufe cha kufuta.

Nilianza kama mtunza friji. Siku ya kwanza daktari wa mifugo alinisimamisha mbele ya friji ya mafuta ya taa iliyojaa chupa za chanjo, akaniambia, "Hii ikizima, ng'ombe wa wilaya nzima watalia jina lako." Maneno hayo yaliniingia kama sindano. Wiki nzima nikawa naifungua kila dakika kuhakikisha kama bado ina baridi, mpaka daktari akagundua kwamba anayeipasha joto ni mimi. Hilo ndilo somo langu la kwanza la kazi: unaweza kuharibu kitu kwa kukijali vibaya. Sikulishika vizuri, kama mtakavyoona.

Kompyuta ya kwanza ilikuja imefungwa blanketi kama mgonjwa wa malaria. Walioibeba walikuwa wanne, na wawili kati yao hadi leo wanalalamika mgongo. Ilipowashwa, taa za mtaa mzima zilififia na jirani akaja kuuliza kama tunachomelea mageti. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Mimi nilikuwa na darasa la saba na ujinga wa kutosha, nikaigusa. Kesho yake nikajiandikisha masomo ya jioni. Nikaanza na kidato cha nne, nikaingia cheti cha kompyuta, na daftari langu nikalibeba kwenye mfuko uleule wa kubebea mbaazi.

Huko ndiko nilikokutana na Mwalimu Basilisa, mama mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya ziwa. Darasa lake lilikuwa na kompyuta sita za misaada, na hakuna mbili zilizofanana. Wengine waliona umaskini, yeye akaona mtaala. Kazi yake ilikuwa hivi: andika programu kwenye mashine yako, kisha uichukue ukaiendeshe kwenye mashine ya jirani. Ikigoma, sifuri. Yangu ya kwanza iligoma kwa majirani wote watano.

"Nani kakwambia dunia nzima ina mashine kama yako?" akaniuliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi mbona umeandika kama vile umeshaambiwa?"

Darasa likacheka. Nikasema, "Mwalimu, kwangu inafanya kazi."

"Kwako!" akasema. "Hata mlevi, kwake nyumba haiyumbi. Aliyezoea jiko moja huyo si mpishi. Kaa chini, anza upya."

Nilianza upya mara nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Lakini nilipotoka pale nilikuwa nimeshika neno moja ambalo sijaliachia hadi leo, na mameneja watatu wamejaribu kuninyang'anya: programu inayomkataa mtu kwa sababu ya mashine yake haijawa programu, bado ni askari wa getini.

Basi nikaitengeneza Sikio. Nimeiita hivyo kwa sababu kila ng'ombe tunayemchanja ana namba yake sikioni. Kazi yake mnaijua: ng'ombe gani, kachomwa chanjo gani, lini, na nani. Mashine tulizokuwa nazo ndizo zilikuwa vichekesho. Ofisini kulikuwa na ile kubwa yenye Windows ya kizamani. Wenzetu wa kituo cha Mutuka walipewa kompyuta mpakato yenye Linux, mfumo wa bure. Wa kituo cha Bonga walirithi ile ya tufaa lililong'atwa, aliyoiacha mgeni mmoja wa kujitolea, na walikuwa wanaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya mkwe. Kila meneja aliyekuja alisema, "Tuchague moja." Nami nikajibu, "Chagua wewe, mimi nitaandikia zote."

Siri yake si uchawi. Nimeigawa programu moyo na ngozi. Moyo ndio unaojua ng'ombe, chanjo na tarehe, na haujui umelala ndani ya mashine ya nani. Ngozi ndiyo inayobadilika: pale dirisha, pale kitufe, pale maandishi matupu. Kumbukumbu zote ni maandishi ya kawaida ambayo hata ukizifungua na programu ya kuandikia barua zinasomeka. Na majina ya mafaili ni herufi ndogo, bila nafasi, bila mbwembwe. Hilo la herufi ndogo nililipia. Mashine ya ofisini haikujali ukiandika Bonga kwa B kubwa au ndogo, lakini ile ya Mutuka ilijali sana. Ikawa kwake kuna Bonga mbili, na kwa miezi kadhaa tulihesabu ng'ombe wa kata moja kana kwamba wamezaliana kwa muujiza. Ofisa mmoja aliipongeza kata ile kwa ufugaji bora. Sikumsahihisha, alikuwa amefurahi mno.

Kila Ijumaa niliitembeza. Nilivaa flashi shingoni kama hirizi, nikachukua brashi ya rangi ya kufagilia vumbi ndani ya mashine na daftari la mirabaraba, nikapanda bodaboda kwenda Mutuka, kisha Bonga. Nilipofanya badiliko lolote sikuamini mpaka nimeliona kwa macho likifanya kazi kwenye kila mashine. Vijana, kipengele hicho msikiruke. Anayejaribu kwenye mashine moja hajajaribu, amejipongeza.

Siku moja akaja Mama Rogati. Alikuwa ametoka uwandani kwa basi, viatu vyeupe kwa vumbi. Ni mzaliwa wa kulekule, wa wafugaji, na sindano anaishika vizuri kuliko madaktari wengi niliowapikia chai.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, Mama Rogati. Karibu kiti."

"Sikai. Nimesikia programu yako inaongea na kompyuta zote."

"Zote!" nikasema, kifua mbele.

Akatoa simu yake ya kitochi, imefungwa mpira wa baiskeli isimwage betri, akaiweka mezani. "Na hiki?"

Nikakigeuza huku na huku, nikitafuta pa kuchomeka flashi.

"Basi isiseme zote," akasema. "Iseme zenye umeme. Sisi kule karatasi zangu zinafika kwenu zimeliwa na mchwa, halafu mnaniuliza ng'ombe wako wapi."

Mwezi mzima sikula vizuri. Mwisho nikaipa Sikio ngozi ya ujumbe mfupi. Mama Rogati aliandika maneno manne: chupa ya ngapi, imefunguliwa saa ngapi, ng'ombe wangapi, imekwisha saa ngapi. Moyo uleule, bila kubadilishwa, ukapokea. Saa zile zina maana kubwa. Chanjo ile huja kama unga, na ukishaichanganya na maji yake huwa na muda mfupi wa kuishi. Ikipita muda huo, unamchoma ng'ombe maji tu. Kwa hiyo Sikio ilikuwa inapiga hesabu, na ikiona muda umezidi inapaka mstari mwekundu. Miaka ikapita, Mama Rogati hakuwahi kupata mstari mwekundu hata mmoja. Mutuka nao wakaiacha ile mpakato mezani, wakahamia vitochi.

Ndipo akaja Bwana Elibariki, meneja mpya, na maboksi ya vishikwambi.

"Mzee," akaniambia, "vitochi na makompyuta haya ya makumbusho yaondoke. Dunia imehamia huku."

"Dunia ipi, Bwana Meneja? Ile ya chini ya Hanang nimeiacha juzi palepale."

"Nakuheshimu, mzee wangu, lakini mashine nyingi ni makosa mengi."

"Na mashine ya aina moja ni kosa moja linalowapata wote siku moja," nikasema. Tukaachana hivyo, kila mtu na lake.

Hata hivyo vishikwambi vikagawiwa. Bonga wakapata viwili, mfunguaji chupa na mhesabu ng'ombe. Mutuka walibaki na vitochi. Uwandani kilifika kimoja tu, na akapewa mhesabu anayesimama kwenye kibanio, ule uchochoro wa magogo anamobanwa ng'ombe. Mama Rogati akafungua chupa na kuandika kwa kitochi chake kama kawaida, na mhesabu, ng'ombe wa mwisho akitoka, akabonyeza kitufe nilichomtengenezea: "Imekwisha." Kishikwambi kikaweka saa chenyewe. Nilijisifu wiki mbili. Kitochi na kishikwambi kwenye chupa moja! Nilimtafuta Mwalimu Basilisa sokoni nimwambie, akasema, "Umejaribu?" Nikasema, "Ujumbe unafika pande zote." Akasema, "Sijakuuliza kama unafika." Nikaona mama amezeeka, nikamnunulia ndizi.

Mwisho wa mwezi, kituo cha uwandani kilikuwa chekundu tupu. Kila chupa ya Mama Rogati, Sikio ilisema, imekaa wazi saa sita au saba. Bwana Elibariki hakungoja. Barua ya onyo ikaandikwa: mchanjaji anatumia chanjo iliyokufa, asimamishwe kazi, bodi ikikaa iamue kumfukuza. Na kwa kuwa ng'ombe wale walihesabika hawana kinga, hawakuruhusiwa kwenda mnadani mpaka wachanjwe upya. Mzee mmoja, Gidahoda, aliyekuwa amepeleka madume sita, alirudishwa nao njiani mbele ya watu. Akapita bomani kwa Mama Rogati, akasimama nje, akatema mate chini, akaondoka bila salamu.

Mama Rogati alikuja kwangu. Safari hii hakuniamkia.

"Baba Neema, programu yako inasema mimi naua ng'ombe."

"Mama Rogati, ngoja niangalie…"

"Nimechanja ng'ombe wa watu wale tangu Rogati yuko mgongoni. Leo wanangu wanakwenda kisimani wanaambiwa, mama yenu anachoma maji. Angalia. Lakini angalia wewe, usiitume mashine."

Niliangalia siku tatu. Niliendesha hesabu zake kwenye Windows, nyekundu. Linux, nyekundu. Tufaa, nyekundu. Kishikwambi, nyekundu. Mashine zote zilikubaliana kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na zote zilikuwa zinasema uongo, maana huyu mama namjua. Siku ya tatu nikazifunga zote, nikachukua daftari la mirabaraba, nikamwambia, "Nisimulie siku moja tu, tangu chupa inafunguliwa."

"Umande umekauka," akasema, "ng'ombe wameshafika kibanioni. Nikafungua chupa saa tatu, nikaandika tatu."

"Ukamaliza?"

"Saa nne. Walikuwa arobaini, hawakunisumbua."

Nikatazama alichoweka mhesabu kwa kishikwambi siku ile. Saa kumi na dakika nne. Nikaandika tatu, nikaandika kumi, nikatoa. Zikatoka saa saba, zilezile za Sikio.

Sisi tunahesabu saa tangu jua linapotoka. Mashine inahesabu tangu usiku wa manane. Tatu ya Mama Rogati, kwa kishikwambi ni tisa. Zamani alipokuwa anaandika mwenyewe kufungua na kumaliza, tatu mpaka nne, hesabu ilitoka sawa kwa sababu zote mbili zilikuwa saa zake. Mutuka wenye vitochi vitupu hawakupata tatizo, wala Bonga wenye vishikwambi vitupu. Aliyeumia ni yule mmoja aliyekuwa na vyote viwili, na aliyeviunganisha bila kuuliza ni mimi. Nilihakikisha ujumbe unafika. Saa zenyewe ni za nani, sikuuliza.

Mke wangu akanishauri nirekebishe kimyakimya, bodi iambiwe mtambo ulipata hitilafu, kwani nimebakiza miezi michache nistaafu. Nikamwambia, barua ya onyo ina jina la mtu, na hitilafu haina jina. Bodi ilipokaa nikasimama.

"Kosa ni langu," nikasema, nikaeleza yote.

Bwana Elibariki akakunja mikono. "Nashukuru kwa ukweli, mzee. Lakini si umekiri mwenyewe? Mashine nyingi, makosa mengi. Tuondoe vitochi, na wasiojua vishikwambi tuwapumzishe."

"Bwana Meneja," nikasema, "sasa hivi saa ngapi?"

Akatazama kishikwambi chake. Kilikuwa kimeandika kumi na nusu, mimi nakiona kutoka nilipokaa. Akajibu bila kufikiri, "Saa nne na nusu."

Wajumbe wakaangua kicheko. Mmoja aligonga meza mpaka soda ikamwagika. Bwana Elibariki alikitazama kishikwambi chake, akatutazama, naye mwisho akacheka, na kwa hilo nampa heshima yake.

"Ukitaka kumwondoa Mama Rogati kwa kuhesabu saa kama wewe," nikasema, "basi tuanze na wewe. Watu wa huku hawajakosea saa. Kilichoshindwa ni kishikwambi, hakijajifunza kwetu. Nitakifundisha. Lakini kitochi hakitoki."

Bodi ikaifuta barua. Ng'ombe wa uwandani wakarudishiwa haki ya mnada. Sikio nikaitengeneza iulize, kwenye kila mashine, asubuhi, mchana au jioni, na ipokee saa yetu, yenyewe ndiyo ihangaike kugeuza. Kitochi kikabaki, mradi Mama Rogati arudi kazini. Nikampigia kumpa habari njema.

"Barua mmeifuta ofisini," akasema Mama Rogati. "Jina langu halikuchafukia ofisini." Akakata simu.

Siku mbili baadaye nikaitwa uwandani. Kule akina mama wana baraza lao, na mwanamume aliyemkosea mwanamke hufika mbele yao akiwa mpole. Nilikaa chini kwenye nyasi, na wao kama mia tano hivi. Sawa, walikuwa arobaini, lakini kwa macho yale ni mia tano. Wazee wa kiume, akiwemo Gidahoda, walisimama pembeni wasikie. Nikaanza, "Mama zangu, kitaalamu…"

"Nyamaza," akasema bibi aliyekuwa mkubwa wao. "Hujaulizwa."

Mama Rogati akaeleza. Kisha nikaambiwa nisimame niseme, kwa sauti ya kufika kwa wanaume, nani aliyekosea. Nikasema: chanjo ilikuwa hai, ng'ombe wana kinga, mama huyu hakukosea hata siku moja, aliyekosea ni mimi. Gidahoda akavua kofia yake, akaikunja. Bibi akasema faini ni galoni moja ya asali.

"Na hicho kitu chako," akaniuliza, "utakiua?"

Ningesema ndiyo ningekuwa nimetoka salama. Nikasema, "Hapana, bibi. Faini nalipa, programu sifuti. Nikiifuta itabaki ya wenye vishikwambi, na hapa kishikwambi ni kimoja. Mtarudi kwenye karatasi za mchwa."

Wakateta kwa lugha yao muda mrefu. Mama Rogati alikuwa anauma midomo asicheke. Bibi akanigeukia.

"Umesema kweli," akasema. "Lakini umesema kwa kiburi. Galoni mbili."

Nililipa mbili. Nilizipeleka mwenyewe, basi hadi njia panda na bodaboda hadi bomani, na nyuki wa Manyara yote walinisindikiza.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa ofisini na Bwana Elibariki. Ujumbe ukaingia: "Chupa ya kwanza. Saa tatu asubuhi. Ng'ombe arobaini. Mama Rogati." Ukatokea kwenye Windows ya kizamani, kwenye Linux ya Mutuka na ile ya tufaa ya Bonga, zilizokuwa zimeletwa kusafishwa, na kwenye kishikwambi cha meneja. Akausoma, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Umefika sawasawa." Saa nne na dakika nne mhesabu akabonyeza kitufe, na mstari ukabaki mweupe. Mama Rogati bado yuko kibanioni hadi ninapoandika haya.

Kwa hiyo vijana, mimi natoka, Sikio inabaki, na msimbo wote uko wazi kwenye kabati la pili. Mnasema vishikwambi peke yake vitawarahisishia kazi. Ni kweli vitawarahisishia. Kateni kitochi mkitaka, sitawazuia, nimeshastaafu. Ila akina mama wa uwandani wameshaniuliza ofisi yetu iko mtaa gani na inafunguliwa saa ngapi. Nimewaelekeza vizuri, na saa nimewatajia ya kwetu. Asali, safari hii, mtaitafuta wenyewe.